Mazoezi ya nyumbani baada ya kiharusi: kifaa gani chafaa, na kipi kitaishia kuanikiwa taulo

Zunguka mtaa wowote wa kwetu, kuanzia Majengo hadi Kisauni, Likoni hadi Malindi, hutakosa nyumba yenye mzee aliyepigwa na kiharusi. Na katika nyumba hiyo, aghalabu, utakuta mashine. Yaweza kuwa baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, yaweza kuwa tredmili ya umeme, ama ile sahani ya kutetemesha nyayo inayotangazwa kwenye simu usiku kucha. Imetumwa na kijana aliye Dubai au Jeddah, au imenunuliwa mjini kwa mchango wa watoto wote. Ukiitazama vizuri utaona imeanikwa taulo.

Sisemi haya kwa kebehi. Mtu akimpenda babake hutoa alicho nacho, na mwenye duka haoni sababu ya kumwambia kuwa fedha zake zingefaa zaidi kwingine. Lakini miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye faida kubwa zaidi, na nyumba nyingi huimaliza zikingoja mashine ifike bandarini.

Mimi si tabibu. Diploma yangu ni ya ujenzi, na mambo haya niliyaingia kwa sababu ami yangu aliugua, nikaitwa kuweka vyuma vya kushikia nyumbani kwake. Tangu siku hiyo nimeitwa nyumba nyingine nyingi, na katika kila nyumba nimekuwa nikiwauliza wataalamu wa fiziotherapia maswali mpaka wakanichoka. Niandikayo hapa ni yale niliyoyapata kwao na yale yaliyochapishwa na watafiti. Si badala ya mtaalamu wako. Mgonjwa wako lazima apimwe na mtu aliyesomea kazi hiyo kabla hujaanza lolote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kuwa mguu na mkono havijafa. Kilichoumia ni ubongo. Mara nyingi damu huganda na kuziba mshipa wa kichwani, na mara chache mshipa hupasuka. Vyovyote iwavyo, ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikituma amri kwa mguu huharibika. Nyama za paja zipo, mifupa ipo, amri ndiyo isiyofika. Kupona ni ubongo kutafuta njia nyingine ya kupitisha amri ile, na njia hiyo haichongwi ila kwa mgonjwa mwenyewe kujaribu kitendo kimoja mara nyingi sana, siku nyingi sana.

Ukilishika hilo, utajua kukipima kila kifaa unacholetewa. Uliza swali moja tu: je, chamfanya mgonjwa atende, au chamtendea? Kukandwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta ni jambo zuri, huleta raha na hulinda ngozi, na sina ugomvi na wakandaji wetu. Lakini mkono unaokandwa haufundishwi kitu, kwa sababu anayefanya kazi ni mkandaji. Ile sahani ya kutetemesha nayo ni hivyohivyo. Mzee hukaa, nyayo zikatetemeka, dakika thelathini zikaisha, na ubongo wake haujatuma amri hata moja.

Kwamba mara nyingi ni nyingi kiasi gani, watu hawatambui. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walihesabu mienendo ya wagonjwa wa kiharusi katika vikao zaidi ya 300 vya mazoezi. Wastani wa kikao kimoja ulikuwa vitendo 32 vya maana vya mkono, na hatua 357 za kutembea. Katika majaribio ya maabara, wanyama waliokuwa wakirudishiwa uwezo wa mguu wa mbele walifanyishwa mamia ya marudio kila siku. Sasa fikiria mgonjwa wetu anayepelekwa hospitalini mara mbili kwa wiki kwa tuktuk. Hata akipata mtaalamu hodari, kazi kubwa itabaki kufanywa nyumbani, na nyumba ndiyo inayopaswa kuwa na vifaa.

Je, vifaa hivyo lazima viwe vya gharama? Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Pamela Duncan nchini Marekani, wa watu 408 waliopata kiharusi. Kundi moja lilifunzwa kutembea juu ya tredmili huku mwili ukiinuliwa kwa mikanda, mashine ya thamani kubwa yenye kuhitaji zaidi ya mtu mmoja kuisimamia. Kundi jingine lilifanya mazoezi nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia: ya nguvu na ya kujisimamisha bila kuyumba. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na wale wa mashine hawakuwashinda wale wa nyumbani. Kila nisikiapo mtu yuwataka kuuza shamba lake anunue mashine, humsimulia habari hii.

Na wala si kila haraka ina faida. Utafiti mwingine mkubwa, uliofanywa katika nchi tano na kuchapishwa 2015, uliwahusu wagonjwa 2,104. Walioinuliwa kitandani na kufanyishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za mwanzo, matokeo yao baada ya miezi mitatu yalikuwa duni kuliko ya waliokwenda polepole. Kwa hiyo siku za mwanzo ni za daktari. Ukiambiwa sasa ni wakati, hapo ndipo bidii ianze.

Kifaa cha kwanza kila nyumba inacho, nacho ni kiti. Kusimama kutoka kitini na kukaa tena ndilo zoezi ambalo wataalamu wote niliowauliza walilitaja kabla ya jingine, kwa sababu lina kila kitu: nguvu za paja, mizani ya mwili, na faida ya papo hapo, manake mtu asiyeweza kusimama hawezi kwenda msalani peke yake. Lakini si kiti chochote. Vile viti vya plastiki tunavyokodisha harusini miguu yake huteleza kwenye vigae na hupanuka mtu akiegemea upande mmoja. Kigoda ni kifupi mno, na mbuzi ya kukunia nazi usiifikirie kabisa. Tafuta kiti cha mbao chenye mikono, kizito, kikigusa ukuta kwa nyuma. Kadiri kiti kilivyo juu ndivyo kusimama kunavyokuwa rahisi, kwa hiyo anza kwa kukiinua: seremala akate vipande vinne vya mbao vyenye tundu la kuingiza miguu ya kiti, kiti kipande kama sentimita kumi. Mgonjwa akizoea, punguza.

Namna ya kusimama nayo ina kanuni. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, kifua kiiname mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo makalio yainuke. Wagonjwa wengi huegemea upande mzima peke yake, na upande mgonjwa ukabaki kama abiria. Mtaalamu akiridhia, urudishe mguu mgonjwa nyuma kidogo kuliko mzima. Hapo hauna budi kubeba sehemu ya mzigo. Mara tano asubuhi, tano adhuhuri, tano jioni ni mwanzo mwema, kisha huongezwa. Ami yangu alikuwa akihesabu zake kwa vipindi vya swala, kila baada ya swala seti moja, na sijaona saa ya ukutani iliyomshinda kwa kukumbusha. Naye alikuwa akiswali juu ya kiti hichohicho.

Sasa nije kwenye kazi yangu, vyuma vya kushikia. Hospitalini utaona reli mbili sambamba, mgonjwa akitembea katikati. Watu huja wakaniambia niwatengenezee kama zile chumbani, na chumba chenyewe kina kitanda, kabati na ndoo za maji. Huwaambia nyumba ya Kiswahili imekwisha kujengwa na reli zake, ila hazijatiwa tu. Ule ukumbi wa katikati wenye vyumba huku na huku ni mahali pazuri pa kutembea kuliko vyumba vingi vya hospitali. Pana kivuli, pamenyooka, na watu wa nyumba wanapita hapo kila saa.

Tia chuma kwenye kuta zote mbili. Wengi hutia upande mmoja kwa kubana matumizi, wakasahau kuwa mtu aliyepooza upande wa kulia ana mkono mmoja tu wa kushikia, wa kushoto. Akienda atashika ukuta huu, akigeuka kurudi mkono wake mzima uko upande wa pili. Ukiwa na reli moja, mgonjwa atakwenda vizuri kisha atarudi akishikwa makwapa na wajukuu. Ngazi nazo ni hivyohivyo, na ngazi za nyumba za Mji wa Kale mwazijua zilivyosimama. Kanuni ya ngazi ni kuwa mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Mkono mzima wa kupandia hauko upande mmoja na wa kushukia, kwa hivyo reli ni mbili.

Kimo cha reli kisipimwe kwa makadirio ya fundi. Mgonjwa asimame amevaa viatu vyake, mkono uning'inie, upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kiwiko cha mkono, pale saa inapofungwa. Hapo akishika, kisugudi hukunjika kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Unene wa chuma uwe wa kujaza kiganja: paipu ya maji ya inchi moja ina upana wa nje kama milimita 33, ya inchi moja na robo kama 42, na zote mbili zafaa. Acha nafasi ya sentimita nne au tano kutoka ukutani, sivyo vifundo vya vidole vitachubuka kila siku. Chagua chuma kilichopakwa zinki. Chuma kitupu kwa upepo wetu wa chumvi hakimalizi msimu mmoja kabla ya kutu kuanza, na kutu hukwaruza kiganja ambacho pengine hakihisi maumivu. Usivilingirishe kitambaa, kitambaa huzunguka mkononi na mtu akaanguka.

Tatizo kubwa ni kuta zenyewe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa haushiki parafujo. Huonekana umeshika siku ya kwanza, kisha siku mzee anapoegemea kwa uzito wake wote, parafujo hutoka na unga. Katika nyumba kama hiyo chimba shimo la kina, ukichimbie kishikizo cha chuma kwa saruji na ukiache kikauke siku kadhaa, au usiuguse ukuta kabisa, usimamishe reli kwa nguzo zilizochimbiwa sakafuni. Nyumba ya udongo na boriti, funga reli kwenye boriti, si kwenye udongo; na boriti yenyewe iliyopigwa randa ikawa laini ni reli nzuri tu, tena haishiki kutu. Vishikizo visipishane zaidi ya mita moja. Fundi akimaliza, mwambie yeye mwenyewe ajining'inize juu ya kazi yake kabla hujamlipa. Akisitasita, umepata jibu.

Milango ya vyumba itakatiza reli, na hilo halina neno. Mita tatu za ukuta usiokatika zatosha. Weka kiti kila mwisho, ili safari iwe kutoka kiti hadi kiti.

Mavazi husahauliwa. Dera linaloburura sakafuni ni hatari kwa mama ambaye kidole chake cha mguu hakiinuki vizuri, na shuka ya mzee nayo ni hivyohivyo. Pandisha, punga kwa sindano, ama vaa kitu kifupi ndani ya nyumba wakati wa mazoezi. Ndara hazifai hata kidogo, kwani mguu uliopooza hauwezi kuzishika. Zataka viatu vyenye mkanda wa nyuma. Ikiwa unyayo unaning'inia kabisa, yuko fundi wa vifaa vya viungo atakayetengeneza ganda la plastiki la kushikilia kifundo ndani ya kiatu, na hilo humbadilisha mtu mwendo siku hiyohiyo.

Bakora hushikwa mkono mzima, si upande mgonjwa kama nionavyo wengi wakifanya. Mpira wa chini ukiisha, bakora huwa kama barafu juu ya kigae. Nunua mwingine mara moja. Fremu ya miguu minne hutaka mikono yote miwili, kwa hivyo mtu ambaye mkono wake haukamati haimfai, hata kama jirani yake aliyevunjika nyonga yamfaa sana.

Kuna kifaa kimoja nataka nikitaje kwa onyo, kwa sababu sisi watu wa bahari twakipenda. Ni kapi. Mtu hutundika kapi kwenye boriti ya dari, akapitisha kamba, mgonjwa akavuta kwa mkono mzima ili mkono uliopooza uinuliwe juu ya kichwa. Chaonekana ni akili, na fundi yeyote wa jahazi anaweza kukufungia kwa dakika tano. Baada ya kiharusi, nyama zinazolishikilia bega hulegea, na mfupa wa mkono hushuka kutoka mahali pake. Ukiuvuta juu kwa kamba bila bega kushikwa sawasawa, mishipa ya ndani husagika. Katika utafiti mdogo wa 1990, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotumia kapi walipata maumivu ya bega, ilhali miongoni mwa waliosaidiwa kwa mikono ya mtaalamu waliopata maumivu walikuwa wachache mno. Mwongozo wa vyama vya moyo na kiharusi vya Marekani wa 2016 nao haushauri kapi za juu ya kichwa. Na bega likishaanza kuuma, mgonjwa hukataa mazoezi yote. Kwa sababu hiyohiyo, usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono wake mgonjwa, wala kwapa lake. Mshike kiunoni, kwa mkanda mpana aliofungwa juu ya nguo.

Mkono hurudi polepole kuliko mguu, na hapa ndipo familia hukata tamaa. Wengi humpa mgonjwa mpira wa kuminya kutwa nzima. Mkono ambao tayari umejikunja hauna shida ya kufumba. Shida yake ni kufumbua, na wataalamu wengi niliozungumza nao wataka zoezi la kufungua kiganja na kuachilia kitu. Chambua mchele, si ukiwa wote kwenye ungo, bali punje na vijiwe huku na huku. Vuta tasbihi kwa mkono mgonjwa, punje baada ya punje. Na wazee wa bao wana bahati: bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezo ni kuokota, kubeba na kuachia. Tumia kete kubwa mwanzo, mpinzani avumilie. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alirudi kwenye ukili wake, akisuka ovyo kwa wiki nyingi, na mkeka ule uliopinda bado anaukalia.

Kwa mkono ambao haujitikisi kabisa kuna kioo. Hapo mwanzo daktari Ramachandran, mzaliwa wa India afanyaye kazi Marekani, alikitumia kwa watu waliokatwa mkono na bado wakihisi maumivu ya mkono usiokuwepo. Mwaka 1999 kikajaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi. Kioo husimamishwa mezani mbele ya kifua, uso wake ukielekea mkono mzima, mkono mgonjwa ukifichwa nyuma yake. Mgonjwa huangalia kioo na kuukunja na kuukunjua mkono mzima, na macho yake huona kana kwamba ni ule mgonjwa unaotenda. Tathmini ya Cochrane ya 2018, iliyokusanya tafiti 62, ilikuta kuwa huboresha mwendo wa mkono. Kioo cha kabati kuukuu, kilichopakwa gundi kwenye ubao na kingo zake kufunikwa, chatosha. Mgonjwa akicheka ni sawa, wengi hucheka mara ya kwanza.

Aliyekwisha kupata uwezo kidogo wa vidole aweza kupewa zoezi jingine, la kuufunga mkono mzima kwenye glavu nene ili mgonjwa alazimike kutumia ule dhaifu. Lilianzishwa na Edward Taub, na likapimwa vizuri katika utafiti wa 2006. Lakini lina masharti. Mgonjwa avae glavu hiyo muda mwingi wa mchana kwa wiki mbili, afunzwe saa nyingi kila siku ya kazi, na asiwe mwenye kuyumba akitembea, kwani ukimfunga mkono anaoshikia umemwangusha. Usilianze bila mtaalamu.

Nirudi kwa mashine. Zile pedali ndogo za kuwekwa sakafuni mbele ya kiti si mbaya. Huzungusha miguu yote miwili, mgonjwa akiwa amekaa salama, na husaidia moyo na pumzi. Zifunge kwenye ubao uliogusa ukuta, la sivyo zitakimbia juu ya kigae, na mguu mgonjwa uufunge kwa mkanda kwenye pedali. Zile za kujizungusha zenyewe kwa umeme, kumbuka lile swali: nani anafanya kazi? Mipira ya kuvuta ya rangi rangi hufaa, lakini joto letu na jua huioza. Iangalie kama imepasuka kabla ya kila zoezi. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kwa urefu hufanya kazi ileile, na mafundi wa baiskeli huugawa karibu bure. Tredmili ya nyumbani, kwa mtu ambaye mguu wake huchelewa, nakataa. Ardhi ikienda yenyewe, mguu uliochelewa hauna wa kuungoja. Kifaa cha kusisimua misuli kwa umeme kina nafasi yake, hasa kwa unyayo unaoning'inia, ila kiwekwe na anayejua, na asikitumie kamwe mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani.

Mashine ya kununuliwa kabla ya zote hizi ni ya kupimia presha. Presha ndiyo iliyompiga wengi wao, na ndiyo inayoweza kumpiga tena. Akipimwa ametulia ikaonyesha namba ya juu imepita 200 au ya chini imepita 110, hakuna mazoezi siku hiyo, mpigie daktari. Asibane pumzi akisimama. Mwache ahesabu kwa sauti. Kichwa kikimuuma ghafla, kifua kikibana, mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito, acha kila kitu mkimbize hospitali, usingoje kumkanda. Mwezi wa Ramadhani, dawa na saumu ni mazungumzo ya kufanywa na daktari mapema, katika Shaabani, na mazoezi yasogezwe baada ya futari.

Nani atasimamia? Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa India, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Jamaa wa mgonjwa walifunzwa kumfanyisha mazoezi nyumbani, mtaalamu akabaki nyuma. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti na wale ambao jamaa zao hawakufunzwa: asilimia 47 kila upande walikuwa wamefariki au bado wanategemea watu. Mimi naisoma hivi: upendo wa nyumbani hautoshi, na mafunzo ya siku chache hayatoshi. Lazima mtaalamu arudi, aone, aongeze ugumu. Ami yangu alitolewa hospitali moja, ambayo sitaitaja, akiwa na karatasi ya michoro yenye maelezo ya Kiingereza na hakuna tarehe ya kurudi. Dadangu aliyekuwa akimuuguza hakusoma Kiingereza. Kudai tarehe ya kurudi, na kudai ufafanuliwe kwa lugha yako kabla hujatoka wodini, ni haki yako. Mwombe mtaalamu akuruhusu kumrekodi kwa simu akimfanyisha mgonjwa, wengi hukubali.

Kuna jambo jingine, la adabu zetu. Mzee akiugua, sisi humkalisha. Maji huletewa, kiatu huvishwa, kijiko hutiwa mdomoni, na binti akiondoka mgonjwa ajitie shati mwenyewe huambiwa hana huruma. Nimemwona binti mmoja akilaumiwa na shangazi zake kwa kumwacha mamake avae kanga peke yake kwa dakika kumi. Zile dakika kumi ndizo zilizokuwa mazoezi. Na mabinti hawa, tuseme ukweli, ndio wabebao kazi yote, wao na wake za wana, huku sisi wanaume tukituma mashine. Mgongo wa anayeuguza ukiumia kwa kumwinua mtu mzito, nyumba inakuwa na wagonjwa wawili.

Kuhusu msaada wa vifaa, Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha. Aliyebaki na udhaifu baada ya kiharusi aweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huanza kwa kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha maombi, kisha kadi. Kwa kadi hiyo aweza kuomba kiti cha magurudumu, fremu au magongo kupitia hazina ya Baraza, na aliye na mshahara aweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za mwanzo kila mwezi. APDK, shirika lililoanza 1958 na ambalo karakana zake za Bombolulu mwazijua, lina tawi hapa Mombasa linalohusika na viungo na vifaa vya kutembelea. Na kwa ndugu zetu walioko Ghuba: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 imesamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Baiskeli ya mazoezi ya dukani haihesabiwi humo. Kiti cha magurudumu chaweza kuhesabiwa, ila karatasi zitengenezwe kabla ya mzigo kupakiwa, kwa sababu ukishafika Kilindini bila barua, kila siku bandarini ina gharama yake.